Mgonjwa Wangu Mwenye Kitambaa cha Buluu

Nitawasimulia, lakini nyinyi mnaonijua mnajua sipendi kuchekwa, kwa hivyo chekeni sasa mmalize halafu mnisikilize. Mimi Mwenda, ambaye watu elfu kumi na mbili mtandaoni walikuwa wakiniita daktari (sijasomea udaktari wa kitu chochote, nilisomea kuvuta nyaya za umeme, na hata huko walimu wangu hawakulia nilipoondoka), nilisimama mbele ya kina mama arobaini kule Karurumo nikiwa nimeshika kuku, nikalazimika kuchagua kama mimi ni mwizi ama ni mwongo. La tatu halikuwepo. Nilitafuta sana.

Yote yalianza na kifo. Mnajua nilikuwa na ule ukurasa wangu wa kufuga kuku wa kienyeji, nikirekodi pale nyumbani kwa mama, nje kidogo ya Meru mjini, leo namna ya kutengeneza kiota, kesho namna ya kumzuia mwewe. Mtu mmoja akaniita daktari kwenye komenti, nikaona haya. Wa pili akaniita, nikazoea. Alipofika wa tano nikaandika mwenyewe juu ya ukurasa: Daktari Mwenda wa Kuku. Sasa siku moja tetea wetu mmoja akaanza kuumwa, shingo imepinda, macho yamefumba, na badala ya kumwita mtu anayejua, nikachukua simu. Nikasaga shubiri, nikatia pilipili na majivu (majivu sijui nilitoa wapi wazo hilo, nadhani niliona yako karibu), nikamnywesha huku najirekodi, nikawaambia watu wangu, "Hii ndiyo dawa ya kideri ambayo hawataki mjue. Alhamisi tutaona matokeo." Hao wasiotaka mjue ni akina nani, msiniulize.

Alhamisi asubuhi matokeo yalikuwa yamelala chali, miguu juu.

Mama yangu alimtazama mara moja tu. "Si nilikuambia hiyo ni kideri? Hiyo haina dawa, ni chanjo tu, mapema. Zika hiyo kitu kabla mbwa haijaona." Nikazika. Lakini simu ilikuwa ikilia tangu alfajiri, daktari, mgonjwa anaendeleaje, daktari, tunangoja. Ningeandika maneno mawili tu, kuku amekufa, na leo ningekuwa na kisa kingine cha kuwaambia. Mpaka sasa sielewi kwa nini sikuandika. Nadhani nilijiambia kwamba watu wakisikia kuku wa daktari amekufa hawataniamini tena, kwa hivyo ili waendelee kuniamini nikaenda Gakoromone kutafuta kuku mwingine anayefanana naye.

Nilizunguka soko lile na picha ya marehemu kwenye simu kama mtu anayetafuta ndugu aliyepotea. Mama mmoja muuza kuku akaniambia pole, akauliza alipotea lini. Nikamjibu, "Alhamisi." Akanichagulia tetea wa kahawia mwenye madoadoa meupe shingoni, pacha kabisa, ila huyu alikuwa amefungwa kipande cha kitambaa mguuni, cha buluu chenye vidoti vyeupe. Sasa kila mtu wa kwetu anajua kitambaa mguuni ni nini. Kuku wa majirani wanachanganyika huko nje, kila mama anafunga chake apate kutambua wake jioni. Mimi nililijua hilo tangu nikiwa mtoto. Lakini niliangalia kile kitambaa nikaona kinafanana na bandeji, kinapendeza kwa mgonjwa, nikakiacha. Huo ndio uamuzi wenyewe. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye fundo nikaurudisha.

Nikamrekodi huyo kama ndiye yule aliyepona, na video ile ilipendwa kuliko zote. Mtu mmoja tu aliuliza mbona juzi kuku hakuwa na kitambaa, nikamjibu kwa ujasiri ambao siku hizi nautamani, "Hiyo ni alama ninayowafunga wagonjwa wangu wote."

Baada ya majuma mawili nikapigiwa simu na mama mwenye sauti nzuri ya upole, akasema yeye anaitwa Mama Njeru, ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa Karurumo, huko Embu. "Daktari, tunakuomba kuja utufundishe. Na tafadhali, usikose kuja na ule mgonjwa yako, tumwone na macho." Mimi nikaona nyota yangu imeng'aa, nimealikwa mpaka Embu. Nikalipiga pasi koti la shemeji, nikamtia mgonjwa kwenye katoni yenye matundu, nikaenda.

Walinikaribisha uani kwa Mama Njeru. Viti vimepangwa, maombi yakafanywa, na maombi yenyewe yalinitaja kwa jina, asante Mungu kwa kutuletea daktari, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Nilipofumbua macho ndipo nikaona kina mama wote wamevaa sare, magauni ya buluu yenye vidoti vyeupe. Nikajiambia, tazama jinsi wanavyofanana na mgonjwa wangu, picha itatoka vizuri. Jamani, niliwaza hivyo kweli. Nikamtoa kuku kwenye katoni, nikamwinua.

Nikaanza somo langu la shubiri, lakini hakuna aliyekuwa akiniangalia usoni, wote macho yamekwenda chini, nikadhani viatu vyangu vina matope, nikavipangusa kwa nyuma ya suruali, mguu mmoja baada ya mwingine, huku nafundisha. Wengine wakaanza kunong'onezana kwa Kiembu. Kicheko kidogo kikatoka upande wa kushoto, upande wa kulia mtu akamwita Mungu, "Ngai!" Nilichanganyikiwa kabisa, sikujua kama ninasifiwa ama ninazomewa, kwa hivyo nikaongeza sauti.

Kikongwe mmoja akasimama mbele, mdogo wa mwili, ana fimbo. Baadaye niliambiwa anaitwa Cucu Wanjira, cucu ni bibi kwa lugha yao, na kwamba ndiye aliyesema nialikwe pamoja na kuku.

"Wewe kijana," akasema, "hiyo kuku iko na kucha ngapi mguu ya kushoto?"

Nikadhani ni swali la kitaalamu. "Cucu, kuku wa kawaida ana vidole vinne."

"Sijauliza ya kawaida. Nimeuliza hiyo."

Nikahesabu. Kidole cha nyuma hakikuwa na kucha.

"Ilikatwa na mlango ya jikoni yangu," akasema cucu. "Na hicho kitambaa ni mabaki ya sare yetu, nilikifunga mimi na mkono yangu. Hiyo kuku iliibwa kwangu. Na nikaiona kwa simu ya mjukuu, eti imepona."

Hapo ndugu zangu ndipo nilipoelewa magauni, na nikatamani nisielewe. Kina mama kama kumi walikuwa wameshasimama. Mtu akasema mwizi, si kwa ukali, alisema tu kama anayejaribu neno mdomoni, lakini mnajua kwetu neno hilo likishasemwa mara ya pili linakwenda wapi. Mama Njeru akainua mkono. "Kaeni chini. Tulikubaliana tutamsikiza. Nusu yenu mlisema ni mwizi, nusu mkasema ni daktari. Kijana, ongea."

Nami nilikuwa na ushahidi, ndiyo maana nawaambia siku ile ilikuwa ya ajabu. Mtu wa mitandao hata chai hanywi bila kurekodi, na nilikuwa nimerekodi pale Gakoromone, kuanzia kumchagua kuku hadi kumlipa muuzaji. Video ile ingeniondolea wizi papo hapo. Lakini kuonyesha kwamba sikumwiba ni kuonyesha kwamba sikumponya, na nilisimama pale na simu mkono mmoja na kuku mkono wa pili, jasho likinitoka ndani ya koti la shemeji, nikipima ipi ni aibu ndogo. Nikamtazama cucu na fimbo yake. Nikafungua video.

Simu ikapita mkono kwa mkono, sauti iko juu. Na mimi nilikuwa nimesahau nilichosema mwishoni. Sauti yangu mwenyewe ikasikika uwanja mzima, nikicheka: "Huyu anafanana na marehemu kabisa. Hakuna atakayejua." Simu ikifika kwa mama mwingine, anairudisha nyuma, inasema tena. Hakuna atakayejua. Nadhani niliisikia mara tisa.

Wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakashika viti, na nikaanza kupata nafuu, nikajiambia afadhali vichekesho, nitatoka hapa mzima. Cucu Wanjira akaja akachukua kuku wake mkononi mwangu, akamkagua chini ya mabawa kama mtoto aliyetoka shule. Ndipo mama mmoja aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, hakucheka, ana upawa mkononi, akauliza polepole:

"Sasa ile mgonjwa ya kwanza?"

"Alikufa, mama."

"Na hiyo dawa?"

"Si dawa."

Huyu anaitwa Mama Igoki. "Mimi nilikuwa ile nusu ya daktari," akasema. "Kuku zangu zilikuwa kumi na nne. Zilipoanza kuumwa, bwana yangu alisema tuite mtu wa mifugo, nikamwambia hapana, niko na video. Zikakufa kumi na tatu. Nilijua ni mimi nimekosea kupima. Leo nilitaka tu kukuuliza nilikosea wapi. Majivu nilitia kijiko mbili, nikafikiri labda ni mingi."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Aibu ya wizi na aibu ya video zilikuwa za kuchekwa, hata mimi nazichekea nikikumbuka, lakini hii haikuwa ya kuchekwa, kwa sababu mwanamke huyu alikuwa ameketi kwake majuma mazima akijilaumu yeye, wala hata dakika moja hakunishuku mimi. Nikasema, "Hukukosea popote, mama. Nisamehe." Kisha kwa vile sikujua niseme nini tena nikauliza swali la kijinga kuliko yote: "Na yule wa kumi na nne?"

"Ilibaki jogoo," akasema. "Jogoo peke yake ingefanya nini? Na daktari anakuja. Ndiyo hiyo kwa sufuria."

Nilitaka kuondoka, naapa, nilikwisha hata kuchukua katoni, lakini Mama Njeru akasema mgeni hatoki kwake na njaa, hata awe mgeni wa aina gani. Wakaninawisha mikono. Mama Igoki mwenyewe akanipakulia mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, pamoja na mchuzi, na juu akaniwekea firigisi, kwa sababu firigisi ni ya mgeni wa heshima na alikuwa ameniwekea tangu asubuhi kabla hajajua. Kina mama arobaini wakanitazama nikila. Firigisi, mnaijua, haimezwi haraka, unaitafuna tu.

Jioni ile nilitoa neno daktari kwenye ukurasa, nikaweka video ya Gakoromone jinsi ilivyo, na kicheko changu ndani, nikasema aliyepoteza kuku kwa ajili yangu anitafute. Vifaranga nimempelekea Mama Igoki, kumi na wanne, wamechanjwa na mtu aliyesomea. Aliwapokea, akanipa na chai. Wafuasi wengi waliondoka, wengine wamerudi, na nimeapa kwamba kuku wangu akifa nitasema amekufa na nisilolijua nitasema sijui, na ukiangalia ukurasa wangu siku hizi utaona nasema sijui mara nyingi sana.

Lakini kila nikiweka video mpya naangalia walioandika chini, mmoja mmoja, natafuta jina la Mama Igoki. Naona tu kwamba ametazama. Hajauliza swali tena.