Mwezi wa Idi Pili

Mgongo wa Bi Zena ulianza kupinda taratibu, na miaka ilivyokwenda ukamwinamisha kabisa, akawa anatembea akitazama vidole vya miguu yake. Anaishi Msimbu, wilayani Kisarawe, pamoja na mkwewe Tatu, na mihogo yake bado anaipalilia mwenyewe, akiwa ameketi. Si mtu wa kulalamika. Ila siku moja alimwambia Ambokile kwamba hajauona mwezi kwa miaka mingi. Zamani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kuuona ukiandama. Sasa anafunga na kufungua kwa kuambiwa.

Ambokile aliondoka na maneno hayo hadi nyumbani kwake Tangini, Kibaha, yakakataa kumtoka.

Yeye si mwana wa kuzaliwa na Bi Zena. Ni Mnyakyusa wa Rungwe, aliyepangiwa kufundisha Msimbu akiwa kijana asiyemjua mtu. Bi Zena na mumewe, marehemu mzee Zahoro, walimpa chumba. Masika ya kwanza akashikwa na homa ya matumbo wakati barabara haipitiki. Wakambeba na kitanda chake, wao na majirani, kwenye matope mpaka lilipokuwa gari, kisha Bi Zena akakaa naye hospitali akimnywesha uji hadi ndugu zake walipofika. Leo anafanya kazi ya ofisi Kibaha, ana mke, Juliana, na watoto wakubwa, na anajua kwamba bila mama yule asingekuwa na lolote kati ya hayo.

Alikuwa na darubini ndogo ya mtumba, aliyoinunua Kariakoo kwa kuipenda tu. Jioni huitoa uani akaangalia mwezi. Kabla ya Ramadhani aliipeleka Msimbu, akamkalisha Bi Zena kwenye kigoda, akaishusha mpaka usawa wake. Haikusaidia. Kichwa cha Bi Zena hutetemeka, na tundu la kuchungulia ni dogo kama kifungo cha shati. Kila jicho lilipokaribia, lilipita pembeni. Mwishowe Bi Zena akasema inatosha, akamshukuru kwa kuhangaika. Ambokile aliona afadhali angenung'unika.

Njiani kurudi Juliana akasema kwamba kama mama hawezi kuchungulia, basi simu ichungulie badala yake, yeye atazame kioo.

Shida ilikuwa kuifunga simu isitikisike, na jicho la kamera likae katikati kabisa ya tundu. Ikisogea kidogo tu, kioo kinakuwa cheusi. Ambokile alianza na katoni na gundi. Joto la mchana likailegeza gundi, simu ikaanguka mchangani. Akajaribu kipande cha bomba la maji, likawa pana, likacheza. Juliana alikuwa akianika nguo pale uani. Alimtazama kwa muda, akavua ndala ya mguu mmoja, akampa.

"Kata hii," alisema. "Raba inabana."

Ikabana kweli. Ambokile alitoboa tundu kwenye ndala, ikaingia barabara kwenye shingo ya darubini. Juu yake akagandisha kava la zamani la simu, kisha akalikaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Jioni hiyo mwezi ukatokea kwenye kioo na mashimo yake yote, na Juliana akaketi chini akicheka, mguu mmoja peku.

Idi pili wakaenda Msimbu. Jua lilipozama, Ambokile alielekeza darubini magharibi, tundu lake la kuchungulia likitazama juu, na simu ikalala juu ya tundu hilo, mbele ya magoti ya Bi Zena, pale pale macho yake yanapoangukia siku zote. Kwanza kulikuwa na weupe mtupu. Akapunguza mwanga kwa kidole, ukabaki mwezi mchanga, mwembamba, ukingo wake umechongokachongoka.

Bi Zena alikikazia kioo macho. Kichwa kilitetemeka kama kawaida, lakini mwezi haukumpotea.

"Huu ni wenyewe au picha?" aliuliza baadaye.

"Ni wenyewe, mama. Uko juu ya mikorosho sasa hivi."

Wakati huo ukaanza kuteleza kuelekea pembeni ya kioo, mpaka ukabaki nusu. Ambokile akageuza skrubu haraka kuurudisha, akaomba radhi, akaeleza kwamba mwezi hautulii mahali pamoja.

"Sasa nimeamini," Bi Zena alisema. "Picha haitembei."

Kisha akasema alhamdulillahi, akairudia taratibu mara kadhaa, machozi yakimdondokea kwenye kanga. Akaanza kumshukuru Ambokile, naye akamkatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mama, mimi ndiye wa kushukuru. Ulinibeba kwenye matope, na sijawahi kukwambia asante hata siku moja."

Bi Zena akamtafuta mkono, akaushika.

"Hukuwa mzito, mwanangu."

Tatu akaenda kuwaita majirani. Walikuja na watoto wao, wamevaa nguo za Idi, wakapanga foleni nyuma ya kigoda, lakini Bi Zena hakuinuka. Alimwonyesha kila mmoja kwa kidole mahali pa kutazama, akawaonya wasiiguse simu, na kila mwezi ulipoanza kuteleza alikuwa wa kwanza kumwambia Ambokile aurudishe.