Gari Lililoingia Uani

Zamani mtoto akija kumsalimia baba yake alivua viatu mlangoni akasahau saa ya kuondoka, lakini siku hizi anasimama kizingitini na ufunguo mkononi, mwili uko ndani na masikio yako barabarani alikoacha gari.

Mzee Uzi aliyaona yote mawili, na kibaya zaidi, kwa mtoto yuleyule mmoja.

Jina la Uzi alipewa na wateja. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na tangu ujanani vipande vya uzi mweusi vilimng'ang'ania kwenye suruali, kwenye nywele, hata kwenye ndevu, mpaka marehemu mkewe akawa anamtania kwamba siku akifa hawatahangaika kutafuta sanda, watamfuma kwa uzi wake mwenyewe.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu mbele ya nyumba, mwisho wa uchochoro mfupi. Cherehani ilikaa dirishani, sponji zilipangwa mpaka darini, na harufu ya gundi haikutoka hata siku za upepo. Nyuma ya karakana kulikuwa na ua mrefu uliobanwa kati ya ukuta wa jiko na ukuta wa jirani. Magari hayakuwahi kufika huko. Uchochoro ulitosha gari kupita, lakini ukiliacha hapo umeziba milango ya watu, kwa hiyo wateja waliegesha barabarani mbele ya kibanda cha kinyozi, viti vikafunguliwa na kuletwa begani. Hivyo ndivyo Mzee Uzi alivyoyajua magari maisha yake yote: yamesimama barabarani, milango wazi pande zote, kama kuku anayeanika mbawa baada ya mvua.

Siku zile kiti kilikuwa na umri. Kilichanika, kikashonwa, kikabadilishwa sponji, kikamzika mwenye gari na kurithiwa na mwanawe. Kisha watu wakaanza kuvivisha viti vifuniko vya dukani vyenye lastiki, kama kofia ya kuogea, na wengine wakawa wanabadilisha gari zima kabla kiti hakijashika hata joto la makalio. Mzee Uzi alilisema hilo kwa kila aliyekaa karibu naye, na waliokaa karibu naye wakazidi kupungua.

Gari la kwanza la mwanawe lilikuwa dogo, kuukuu, la rangi ya majivu. Viti vyake alivishona mwenyewe kwa kitambaa cha michirizi ya bluu. Enzi hizo mwana alikuja kila Jumapili na mkewe na binti yao mdogo, gari likaachwa barabarani vioo vimeshushwa, na kinyozi akawaketisha humo wateja wanaosubiri zamu. Ndani ya nyumba watu walikula, wakajilaza mkekani, mjukuu akacheza katikati ya vipande vya sponji mpaka akafanana na kondoo. Jioni waliondoka kwa kusukumwa, maana betri haikuwa na tabia njema. Uchochoro mzima ulisukuma, na gari likiitika watu walishangilia kana kwamba wao ndio wanasafiri.

Kisha mwana akapandishwa cheo, akanunua gari kubwa.

Habari ililetwa na kinyozi, mkasi bado mkononi. "Mzee Uzi! Toka nje! Mwanao amekuja na nyumba!"

"Nyumba gani?"

"Yenye magurudumu. Njoo upesi, wateja wangu wamenikimbia na povu mashavuni."

Lilikuwa jeusi, limeinuka kama kabati la mahari, linang'aa kiasi kwamba kinyozi alijiona ubavuni mwake akarekebisha kola. Mlango ulipofunguka ngazi ilijichomoza yenyewe, na mwana akashuka nayo taratibu, kama mgeni rasmi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hili ni lako?"

"Langu, baba."

"Kwa bei ya hili watu hujenga."

"Nyumba haitembei, baba."

"Haina haja ya kutembea. Watu ndio huifuata."

Kinyozi alicheka peke yake. Mwana akamshika baba mkono. "Usihukumu kabla hujakaa. Wewe ni mtu wa viti. Panda, kaa, kisha uniambie kama nimetupa fedha."

Mzee Uzi alikuwa ameinua mguu mmoja aliposikia mkwe akisema, "Subiri kidogo, baba." Mkwe akatandaza taulo juu ya kiti. Hakufanya kwa dharau. Yeye mwenyewe alikalia taulo, na mtoto alikuwa amefungwa mkanda juu ya taulo lake, viatu vimevuliwa, kakatazwa hata biskuti. "Ngozi hii ikishika doa, ndiyo basi tena," mkwe akaeleza.

Kwa hiyo mtu aliyewakalisha watu vizuri maisha yake yote akakaa juu ya taulo. Alisogeza pembe yake, akapitisha kidole kwenye mshono. Alitafuta kasoro kama mama anayetafuta chawa kichwani kwa mwanawe. Alibonyeza, akanusa, akachungulia pindo la chini, mahali ambapo mafundi wavivu huficha aibu zao. Hakupata kitu. Mshono ule ulikuwa umenyooka kuliko wowote aliowahi kuupiga, na jambo hilo lilimuuma kuliko taulo.

"Bonyeza hapo, babu!" mjukuu akasema.

Alibonyeza, na kiti kikaanza kumtembea mgongoni.

"Kinanipanda!" akapiga kelele, akaruka, akagonga kichwa. Mjukuu alicheka mpaka akapaliwa.

"Kinakukanda, baba," mwana akasema, naye anacheka. "Nimelinunua kwa ajili yenu pia. Siku ukiugua nitakufikisha hospitali bila kuhisi shimo hata moja."

"Kwani mpaka niugue ndipo nilifaidi?"

Mwana aligeuka ghafla. Paka alikuwa amerukia boneti.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Gari lile halikuachika. Wakiingia ndani wakimimina chai, nje litalia. Mtoto amelipiga mpira, toroli la maji limelisogelea, au hakuna lolote, limejililia tu. Mwana alitoka mbio, akarudi, akatoka tena. Mwishowe aliacha kukaa kabisa. Alikunywa chai amesimama mlangoni, macho yanakwenda uchochoroni na kurudi.

"Gari hili lina wivu wa mke mdogo," kinyozi alisema. "Mume akitazama pembeni tu, kilio."

Jumapili moja mkwe na mtoto hawakushuka. Joto lilikuwa kali, na ndani ya gari kulikuwa na baridi tamu. Mwana alipeleka salamu kwa baba, akapeleka salamu za baba garini, kama tarishi. Mzee Uzi aliwasindikiza hadi barabarani, akapunga mkono kuelekea kioo cheusi, akajiona mwenyewe akijipungia. Jioni mkwe alipiga simu. "Mjukuu wako analalamika, baba. Anasema alikupungia sana nawe ukapunga bila kumtazama."

Tangu simu ile hakutulia. Akiketi atasimama, akishika sindano itamchoma, ataanza mshono huku akili iko kule, aufumue, auanze upya. Mle ndani ya gari kulikuwa na baridi, kulikuwa na kiti kisicho na kasoro, kulikuwa na mjukuu, na yote yalikaa nyuma ya kioo. Kuhusu thamani ya gari hakuwa na la kusema tena. Alikwisha likalia, akaliona. Alichojiuliza ni kama chumba chake chenye gundi na mkeka kingeweza kushindana nalo, na jibu halikumpendeza.

Alimuuliza mwana waziwazi. "Nieleze. Nyumba yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea, baba. Ningekuwa na pa kuliingiza, ningekaa kutwa. Tungelala hata." Akaelekeza ufunguo kwenye karakana, kwa mzaha tu. "Tatizo ni huyu bibi kizee hapa. Asingekuwepo, ningepita moja kwa moja mpaka uani."

Yeye alicheka akaondoka. Baba hakucheka. Alibaki anaizunguka karakana ndani na nje, anagonga kuta kwa kifundo cha kidole, kama daktari na kifua cha mgonjwa.

Juma lililofuata, mwana akiwa kibandani amekwisha nyolewa, ameinamia beseni anasuuza povu, Mzee Uzi alitoa mfukoni kibunda cha uzi. Alimpa kinyozi ncha moja kwa ishara, naye akaenda upande wa pili, wakaupima upana wa gari kimyakimya. Hakusahau hata vioo vya pembeni, vile vinavyojitokeza kama masikio. Akafunga fundo. Nyumbani akaunyoosha uzi uani, kutoka ukuta wa jiko hadi wa jirani, akaona nafasi imebaki, kiganja huku na kiganja huku. Alifurahi kama aliyeona ruhusa imeandikwa ukutani.

"Utashonea wapi?" kinyozi akauliza.

"Nani analeta viti?"

"Hata kikija kimoja, Mzee."

"Wewe hujawahi kuniletea kiti. Huleta maneno tu."

"Basi lichukue na hili: mwanao alisema kwa mzaha."

"Mtu husema kwa mzaha yale anayoona haya kuyasema."

Akamwita mwashi. Karakana ilishuka siku chache, matofali hayakubisha. Cherehani ilisogezwa chini ya ukingo wa paa la jiko na kufunikwa nailoni, sponji akagawiwa kila aliyetaka, na watoto wa uchochoro wakawa na magodoro ya wanasesere. Palipokuwa na chumba pakabaki njia nyeupe ya vumbi, imenyooka kutoka uchochoroni mpaka mwisho wa ua, na pale mwisho Mzee Uzi akatandika mkeka uleule wa zamani, akapanga vikombe, akaweka sahani ya biskuti kwa mtu aliyekatazwa biskuti. Hakumwambia mwana lolote, ila, "Jumapili njooni na njaa."

Walipofika, mwana alishuka mdomo wa uchochoro, akakuta mwanga mahali palipokuwa na giza la karakana.

"Baba! Umefanya nini?"

"Ingia."

"Karakana je?"

"Nimesema ingia. Au unataka kiti changu kije kukubeba?"

Mwana alifuta macho kwa haraka kama anayetoa vumbi, akarudi usukanini. Mzee Uzi akaenda kusimama uani, mikono juu, akaita kama makondakta wa zamani: "Njoo! Njoo! Njoo!" Gari liliingia polepole, likipiga milio yake ya woga, likapita palipokuwa na cherehani, likapita palipokuwa na sponji, likajaa kati ya kuta mbili kama mguu ndani ya soksi. Halikugusa popote. Kinyozi, aliyelifuata kwa nyuma, akapiga makofi. Injini ikazimwa, na Mzee Uzi akasubiri mlango ufunguke.

Mlango ulifunguka upana wa kiganja, ukagota kwenye ukuta wa jiko.

Mwana akaufunga, akaufungua tena. Kiganja. Mkwe akajaribu upande wake. Ukuta wa jirani. Mzee Uzi alibaki ameinua mikono. Gari aliloliweka moyoni wakati wote, kama yale yote aliyoyajua, lilikuwa limesimama barabarani, milango imekwisha funguliwa. Milango hiyo hakuipimia uzi.

"Watoke nyuma!" kinyozi akapaza sauti. "Hapa nyuma si kuna mlango wa mizigo? Washuke kama mizigo!"

"Nipande juu ya viti na gauni hili?" sauti ya mkwe ikatoka kwenye ufa. "Na viatu hivi, juu ya ngozi?"

"Babu, nakuja!" Mjukuu, ambaye viatu vyake vilikuwa vimevuliwa kama kawaida, alikuwa tayari amefungua mkanda na kuparamia mgongo wa kiti. Mkono wa mama yake ukamrudisha.

"Baba," mwana akasema, shavu limebanwa ufani, "ngoja nirudi nyuma. Nitaliacha barabarani, tuje kwa miguu."

"Haya," akasema Mzee Uzi. "Haya, mwanangu. Chai bado ya moto."

Gari likarudi nyuma, kwa haraka kuliko lilivyoingia. Mwashi alikuwa ameacha jino la tofali limejitokeza pale ukuta ulipokatwa. Wakati wa kuingia lilikwepwa, wakati wa kutoka halikukwepwa. Mlio wake uliwatoa majirani nje. Uliendelea kutoka mlango wa nyuma hadi wa mbele, mrefu, mwembamba, kama kitambaa kikipasuliwa na asiyejua kupasua.

Barabarani mwana alishuka, akainama, akapitisha kidole kwenye mchubuko ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipitisha kidole sawasawa na jinsi baba yake alivyokipitisha kwenye mshono. Hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe.

"Tutakuja, baba. Ngoja kwanza nilitengeneze."

"Chai je?"

"Tutakuja."

Baadaye zilikuja simu, kisha habari ya kazi mpya katika mji wa mbali, kisha simu nazo zikapungua. Lakini kuwaona kwa macho ilikuwa mara ya mwisho pale mbele ya kibanda cha kinyozi: mwana ameshika usukani anatazama kioo cha pembeni, mkwe anapangusa vumbi kwenye kiti, na kile kioo cheusi cha nyuma kinashuka upana wa kiganja, vidole vya mtoto vinatoka, vinapunga, na safari hii babu yake aliviona, akapunga mikono yote miwili mpaka kioo kikapanda.