Gunia la Jezi

Nchi hii mtu huzaliwa na kabila lake, dini yake na timu yake ya Dar es Salaam. Timu zenyewe ni mbili, watani wa jadi, na hata mtoto wa kijijini Mungaa ambaye hajawahi kuiona Dar anajua yeye ni wa upande gani kabla hajajua kuandika jina lake. Mimi nilikuwa wa upande wa marehemu baba yangu. Mume wangu alikuwa wa upande wa pili. Tulioana hivyo hivyo, na siku watani walipokutana, mmoja wetu alilala bila kula na mwenzake akajifanya haoni.

Kwa hiyo timu yetu ya Singida ilipopanda ligi kuu, ilikuta mioyo ya watu imeshapangishwa. Tuliipenda, siwezi kusema hatukuipenda. Wachezaji walikuwa wageni wengi, wa kutoka Kigoma, Mwanza, wengine nje ya nchi kabisa, lakini walinunua nyanya tunaponunua na vumbi lilelile liliwaingia machoni. Tukaanzisha tawi la mashabiki jirani na kibanda changu cha kushonea, pale sokoni. Mume wangu akachaguliwa mwenyekiti kwa sababu ana sauti na hapendi kukaa kimya kikaoni. Mimi nikapewa ngoma ndogo na kazi ya kushona mabango.

Wazo la gunia lilikuwa lake. Nalisema hili mapema ili lisije likasahaulika.

Alisimama kwenye kikao cha kwanza akatukumbusha aibu ya nyuma, timu moja ya Dar ilipokuja kwenye mechi ya kirafiki na uwanja mzima ukashangilia mgeni. Akasema mkataa kwao ni mtumwa. Akasema msimu huu kila mwanachama alete jezi yake ya Dar, zote zifungiwe mahali pamoja, na asiyekubali asijiite shabiki wa Singida. Watu wakacheka. Yeye akavua jezi aliyokuwa ameivaa, akaiweka mezani, akabaki na singlendi. Ilikuwa miezi ile ya upepo, na upepo wa Singida mnaujua. Mwanaume wa makamo, mbavu zinaonekana, anatetemeka na bado anahutubia. Siku ile nilimpenda upya, kama msichana.

Jezi zikaletwa. Nyingine mpya, nyingine zimepauka hadi huwezi kujua ni za mtani yupi. Mzee mmoja mwanachama wetu wa Kilimatinde alituma yake kwa basi, imekunjwa ndani ya gazeti. Mimi nilitoa ile aliyoninunulia baba mwaka aliofariki. Sikuwa nimewahi kuivaa zaidi ya kuijaribu mbele ya kioo, na kuiweka pale kuliniuma, lakini niliiweka. Nikalishona gunia mdomo kwa uzi wa jinzi, mshono wa kurudia, kisha tukalisukuma chini ya kitanda chetu. Na tukaweka sheria: atakayetaja timu ya Dar kikaoni, yeye ndiye atakayebeba ngoma kubwa mpaka uwanjani.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mtamu. Upepo wenyewe ulikuwa mchezaji wetu. Makipa wa kutoka Pwani walipiga mpira mbele ukawarudia, nasi tukawacheka mpaka machozi. Tulikuwa tukiingia uwanjani kwa wimbo, mwenyekiti mbele, ngoma kubwa nyuma juu ya mgongo wa aliyekosea wiki hiyo. Nahodha wetu, kijana wa Kigoma, alikuwa akija kibandani kwangu kupunguza suruali. Hakukaa kabla ya kuniamkia shikamoo, na aliniita mama hata mbele ya wenzake. Aliniambia kwamba amecheza timu nyingi, lakini hapa ndipo alipoambiwa "karibu nyumbani" akaamini.

Mzunguko wa pili mambo yakageuka. Dirisha dogo la usajili lilituchukulia mshambuliaji, beki akaumia, tukaanza kufungwa hadi na timu tulizokuwa tukizitania. Tukafika mechi ya mwisho tukiwa tunahitaji sare tu ili tubaki ligi kuu. Mechi yenyewe ilikuwa nyumbani. Mgeni alikuwa nani? Timu ya mume wangu. Nayo ilikuwa inatafuta ushindi ili ichukue ubingwa, na watani wao, yaani timu yangu mimi, walikuwa wanaomba mgeni huyo aanguke ili ubingwa uende kwao. Kila mtu mjini alikuwa na sababu ya kuiangalia mechi ile, na sababu ya wengi haikuwa sisi.

Wiki hiyo ndipo nilipojua kumbe jezi nazo huwa na dharura. Mmoja alikuja akasema anaomba yake aifue, itakuwa imeanza kunuka. Mwingine alisema kijana wake ana mchezo wa kuigiza shuleni. Dada aliyekuwa anatuongozea nyimbo alikuja na habari za panya, akanieleza kwa huruma namna panya wanavyopenda nguo za nailoni. Wote niliwarudisha, na mume wangu akaniunga mkono mbele yao kwa sauti yake ileile ya kikaoni.

"Mke wangu, usilifungue hata akija nani," alisema. "Ahadi ni deni."

Niliamini. Ningeachaje kuamini?

Siku ya mechi nilitoka nyumbani asubuhi na ngoma yangu na kanga ya rangi za timu, niwahi kutushikia mahali petu kwenye jukwaa la mzunguko. Yeye alisema atakuja baadaye na bango na wanachama wengine. Magari yalianza kuingia kutoka Manyoni, Ikungi na Kiomboi, uwanja ukajaa mapema kuliko siku yoyote. Mahali petu hapakujaa. Nilikuwa mimi na mama wawili wauza karanga waliokaa pale kwa sababu palikuwa na nafasi.

Nikawaona. Upande wa kushoto wapenzi wa mgeni, upande wa kulia wapenzi wa mtani wa mgeni, na ndani ya pande zote mbili sura za tawi letu, zimevaa jezi za Dar. Fundi baiskeli. Dada wa nyimbo. Mzee wa Kilimatinde, ambaye nilidhani hata gazeti lake limebaki kwenye gunia. Nikajiambia wamenunua mpya. Kisha nikamwona mwenyekiti. Alikuwa amesimama juu ya ukuta mdogo, amevaa jezi niliyoishona kwapani kwa mkono wangu, anaongoza wimbo. Wimbo ulikuwa wetu, tulioutunga kikaoni. Alikuwa amebadilisha jina la timu tu.

Nilipiga ngoma. Sikujua la kufanya lingine.

Tena tulianza sisi kufunga. Ilikuwa kona, nahodha akaruka juu ya watu wote, kichwa, wavuni. Nilipiga kelele mpaka kanga ikafunguka. Upande wa kushoto ulikaa kimya. Upande wa kulia uliruka na kupasuka kwa furaha, na nilipotega sikio kusikia wanaita nini, walikuwa wanaita timu yao ya Dar, timu ambayo siku hiyo haikuwepo hata uwanjani. Nahodha alikimbia kuelekea kwetu, mahali pa tawi, kama alivyozoea kila akifunga. Akatuona mimi na mama wa karanga. Akapunguza mwendo, akanyoosha mkono nusu, akarudi katikati.

Kipindi cha pili mgeni alisawazisha, na uwanja wa Singida ukatikisika. Bado sare ilitutosha. Vijana wetu wakarudi nyuma wote, wanaondoa mpira popote, na kila mgeni alipougusa alisukumwa mbele na sauti ya watu wetu. Zikiwa zimebaki dakika za nyongeza, tukafungwa la pili. Ligi kuu ikaisha kwetu hapo, na watu wakaingia uwanjani kucheza. Upande wa kulia ulitoka unanuna, lakini haukununa kwa ajili yetu.

Nilimkuta nahodha kwenye mlango wa nyuma, amekaa kwenye begi lake anasubiri basi la timu. Aliinuka, akaniamkia kama kawaida. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji, ya kwamba tutapanda tena. Hakunipa nafasi.

"Mama," aliniuliza, "leo tulikuwa nyumbani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nilimwambia mlikuwa nyumbani, mwanangu, na nikaona aibu ya uongo huo inanipanda mpaka masikioni.

Nyumbani nilikuta gunia katikati ya kitanda. Mshono ulikuwa umekatwa safi, na mkasi wangu wa kazini ulikuwa pembeni yake. Kumbe wakati nagombana na watu wa panya na wa kufua, mwizi nilikuwa nalala naye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimezishona nguo zenyewe. Niliingiza mkono ndani ya gunia. Ilikuwa imebaki jezi moja tu, ya baba. Mume wangu alikuwa ameigawa ahadi yetu kwa kila mtu, akaniachia mimi peke yangu niitimize.

Alirudi jioni, sauti imemkauka kwa kuimba. Alikuwa amefunga zipu ya jaketi mpaka shingoni, kama mtoto aliyechafua sare ya shule. Nilimtengea maji ya kuoga. Hakuyaendea. Alisema mpira ni burudani, mke wangu, watu walimbana, hata mimi ningeelewa kama ingekuwa timu ya baba yangu. Nilimwambia timu ya baba yangu ilikuja mwezi mmoja kabla, na yeye mwenyewe aliniona nilikaa wapi siku ile na nilivaa nini. Kisha akavua jaketi, akavua jezi, akaikunja vizuri, akabaki na singlendi.

"Gunia liko wapi niirudishe?" aliuliza. "Na wenzangu wataleta zao kesho."

Yaani alidhani linarudishika. Nilimweleza alichoniuliza nahodha, neno kwa neno, nikamwambia jibu mimi nimelikosa, ampigie simu amjibu yeye kama mwenyekiti. Alikaa kwenye kiti, jezi mapajani, mpaka maji yakapoa, kisha akainuka akaiacha pale kitini.

Wenzake walikuja kweli kibandani, wamebeba mifuko, na nyuso za watu wanaorudisha ungo wa kuazima. Niliwaambia gunia nimelipeleka Mungaa kwa mama mkwe, limejaa alizeti. Timu sasa inacheza ligi ya chini, wageni hawaji kwa mabasi, na ninaposikia watu wakilalamika kijiweni kwamba siku hizi mpaka wasafiri Dodoma kuona mpira mkubwa, nashona tu.

Mume wangu bado ni mume wangu. Nampikia, nafua nguo zake zote kila Jumamosi. Ile jezi iko palepale kwenye kiti alipoiacha, na vumbi la uwanja wetu bado limo ndani yake, maana nilimwambia hiyo ataifua mwenyewe.