Maziwa Ndani ya Nyumba ya Risasi

Mama mkwe wangu aliporudi kutoka Nairobi, baada ya wiki nyingi za kupigwa miale hospitalini, uvimbe wa shingoni ulikuwa umenywea, lakini ngozi ya pale ilikuwa nyeusi kama chungu kilichosahauliwa motoni. Sisi wa nyumbani tulimshukuru Mungu. Jirani yake, rafiki wa tangu walipoolewa kijijini pale, alikuja kumpa pole. Aliketi karibu na mlango, na alipopewa kikombe cha mursik akasema tumbo lake siku hiyo halikuwa sawa.

Tumbo hilo halikupona tena. Kila alipokuja lilikuwa na neno lake, na baada ya muda matumbo ya wanawake wengine nayo yakaanza kuumwa. Asiyetoka kwetu huenda asielewe uzito wake. Mursik ni maziwa ya kugandishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, na mama mkwe alisifiwa kwa mursik wake mpaka mjini Litein. Msichana akiolewa, mtoto akifaulu, mgeni akitoka mbali, watu walitumwa kwake. Sasa aliviosha vibuyu vyake, akavitundika ukutani, na hakuvijaza tena. Alisema mikono yake imechoka. Mikono hiyo hiyo ilikuwa inachuma chai kutwa nzima, kwa hiyo nilijua ni uongo, na uongo huo uliniuma.

Mimi nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya wasichana, na hasira zangu ziko karibu. Niliposikia watu wakisema moto wa hospitali umebaki mwilini mwa mama na unaingia katika maziwa yake, Jumapili moja nilimngoja jirani nje ya kanisa. Nilimweleza kwamba ile miale ni kama mwanga wa tochi: ukimulika ukuta kisha ukazima, ukuta haubaki na mwanga. Mama aliunguzwa ngozi, lakini hakuna moto uliobaki ndani yake. Jirani alinisikiliza kwa adabu zote, mkoba wake ameushika kifuani.

"Mwalimu, wewe umesoma," akasema. "Hata mimi nampenda huyo mama. Lakini hiyo kitu kama iko ama haiko, wewe umeona na macho yako?"

Sikuwa nimeona. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamenya viazi kwa ghadhabu mpaka vikabaki vidogo kama gololi. Lakini kadiri nilivyomenya ndivyo nilivyokiri moyoni kwamba lile lilikuwa swali halali kabisa. Wanafunzi wangu wangeliuliza ningewasifu.

Kaka yangu alikuwa fundi wa maabara Nairobi, na kwa muda mrefu alikuwa amenihifadhia kifaa kikuukuu kilichowahi kutumiwa na watafuta madini; nikamwomba anitumie. Kilikuwa na bomba nene la chuma lenye fuwele ndani, ambayo humeta kidogo kila mwale usioonekana wa gama unapoipiga, na kisanduku chenye swichi ya kuzungusha ya kuchagua nguvu ya miale unayotaka kuhesabu. Kilitumia betri za tochi, na hilo lilikuwa jambo jema kwani stima haikuwa imetufikia. Unageuza swichi hatua kwa hatua, unahesabu, unaweka nukta kwenye karatasi ya grafu, na mwishowe unapata mstari wenye vilima na mabonde. Kila kilima kina mwenyewe. Potasiamu ina chake, thoriamu ina chake, na kama kungekuwa na moto wowote wa hospitali ndani ya maziwa ya mama mkwe, nao ungejitokeza kwa kilima chake.

Shida ni kwamba dunia nzima inatoa miale. Udongo unatoa, kuta zinatoa, hata sisi wenyewe tunatoa. Kupima maziwa bila kinga ni kama kutaka kusikia mtoto akinong'ona katikati ya soko la Litein siku ya soko. Ilibidi nijenge nyumba ndogo ya madini ya risasi, nene na nzito, fuwele na maziwa vikae ndani na kelele za dunia zibaki nje.

Risasi niliitafuta kwa wiki nyingi. Mafundi wa gereji walinipa vile vipande wanavyobandika kwenye magurudumu ili yasitikisike, na mabomba ya zamani tuliyapata kwenye nyumba ya mzungu iliyokuwa ikibomolewa huko mashambani. Mume wangu ndiye aliyeyayeyusha, nje, upepo ukimjia mgongoni, katika sufuria iliyoaga upishi siku hiyo hiyo. Watoto na mbuzi nilikuwa nimewafukuza mpaka ng'ambo ya kijito. Alimimina risasi katika mikebe ya kuokea mkate, ikatoka matofali mazuri ya kung'aa.

"Wenzangu wameoa wanawake wanaotaka viatu," alisema huku akijifuta jasho. "Wangu anataka risasi."

"Na viatu pia nataka," nikamwambia.

Mama mkwe alikuja kutazama akiwa mbali, kitambaa kimefunga shingo. Aliniuliza tunapika nini. Nilimjibu kwamba tunajenga nyumba ya maziwa yake, nikamweleza kila kitu, pamoja na lile swali la jirani. Nilidhani atakasirika. Badala yake akaenda ndani akakitungua kibuyu kimoja, akakichoma kwa kijiti cha senetwet, akakisugua taratibu, akakijaza maziwa. Siku zile tulipokuwa tukingoja yagande, nilimsikia akiimba jikoni.

Nyumba ya risasi niliijenga stoo, kwenye sakafu ya saruji, kwa sababu meza isingeibeba. Ndani niliivika bati la shaba, maana risasi nayo ikipigwa na miale hurudisha kelele zake kidogo. Mursik ukakaa katika mkebe wa plastiki, fuwele karibu yake, kifuniko cha risasi juu. Nikafunga mlango nikaanza kuhesabu.

Kilima kilikuja mahali pa potasiamu, na hilo nililitarajia, kwa maana maziwa yana potasiamu na mkaa pia unayo. Lakini kilikuwa kirefu mno. Nilihesabu tena, kikarudi vilevile. Naijua fizikia, nilijua miale ya hospitali haiwezi kufanya hivyo, na bado nikawaza, je, kama mimi ndiye nisiyeelewa? Nitamwambia nini mama huyu, ambaye ameanza tu kuimba? Nilitoa maziwa yote, nikaosha mkebe, nikapima nyumba tupu. Kilima kilikuwa kimesimama palepale.

Nilijiegemeza nyuma kwa uchovu, na kilichopokea mgongo wangu kilikuwa gunia. Niligeuka. Ilikuwa mbolea ya chai, magunia yote ya msimu ule, yamepangwa mpaka karibu na dari, na kila moja limeandikwa kwa herufi kubwa NPK. Hiyo K ni potasiamu. Nilikuwa nimefundisha hayo kila mwaka, nikayachora ubaoni, kisha nikaenda kujenga chombo cha kusikiliza potasiamu katikati ya shehena yake. Nilicheka peke yangu mle stoo mpaka mume wangu akaja kuchungulia kama ni mzima.

Risasi ilikuwa nzito mno kuhamishwa, kwa hiyo tulihamisha mbolea. Kwa majuma kadhaa wageni wetu walikaa sebuleni wakitazamana na magunia, na hakuna aliyeuliza. Kwetu mtu mwenye mbolea ni mtu wa maana.

Baada ya hapo mambo yalinyooka. Nyumba tupu ilinipa mstari mtulivu. Maziwa ya mama mkwe yalinipa kilima kimoja kidogo cha potasiamu, na hapakuwa na kingine chochote. Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani, nikamwambia njoo uone kwa macho yako, na ulete mursik wako tuupime pia. Alikubali haraka. Nadhani alikuwa na hakika kwamba wake utatoka safi.

Alikuja Jumamosi asubuhi na kibuyu chake, tukashinda mchana wote mle stoo, mimi, yeye na mama mkwe. Nilimwachia jirani asome namba mwenyewe. Alizisoma kwa sauti, mimi nikaweka nukta, na mama mkwe akakaa juu ya kigoda, akijifunga na kujifungua kitambaa cha shingo. Jua lilipoelekea kuzama nilitandika karatasi mbili juu ya paja langu. Vilima vilifanana kama maharagwe mawili, ila cha jirani kilizidi kwa nukta chache. Nilieleza kwamba tofauti hiyo ni ya bahati tu, tukirudia kesho huenda cha mama kikazidi, na labda pia yeye hupaka mkaa mwingi zaidi. Nilieleza kwamba kitu hicho kimo katika kila maziwa, viazi na mwili wa kila mtu, tangu uumbaji, na hakimdhuru yeyote.

Jirani hakunisikia. Alikuwa ameweka kidole kwenye kile kilima chake.

"Kwa hivyo yangu ndiyo iko nayo mingi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Yangu inashinda ya huyu mgonjwa?"

Nakiri kwamba ulimi uliniwasha. Miezi yote ile ya tumbo lisilopona ilikuwa imenijaa kooni, na hapo nilikuwa nimepewa nafasi. Lakini kabla sijafungua mdomo, mama mkwe aliinuka kwenye kigoda. Alikichukua kibuyu cha jirani, akakitikisa kama inavyopaswa, akajimiminia kikombe mpaka ukingoni.

"Kama uko nayo, uko nayo," akasema. "Mimi siwezi kukukimbia."

Akanywa. Alikunywa polepole, kwa sababu kumeza kulikuwa bado kunamsumbua, na tuliona kila funda likipita chini ya ile ngozi nyeusi. Jirani alimtazama mpaka kikombe kikaisha. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. Kisha akanyoosha mkono, akakichukua kikombe kile kile bila kukisuuza, akakijaza kutoka kibuyu cha mama mkwe, akanywa akamaliza, akaomba kingine.