Sifa Zilizokuja na Jeneza

Wiki iliyopita tumemzika mama mmoja wa Kawetele, mjane, mkulima wa ndizi na chai, aliyelala na kiharusi kwa muda mrefu hadi akafia mikononi mwa binti yake. Watu walijaa mpaka kwenye migomba ya jirani. Turubai halikutosha, na mvua ya Tukuyu mnaijua, haina adabu. Kisha zikaanza salamu za rambirambi. Kwaya ikasema, ukoo ukasema, umoja wa akina mama ukasema, kila mmoja ameshika kipaza sauti kama aliyekabidhiwa nchi. "Mama huyu alikuwa na ulimi wa asali!" "Hakuna aliyetoka kwake amevunjika moyo!" Kweli tupu. Ila nilizitazama nyuso za wasemaji nikajiuliza ni lini walimwambia mwenyewe, maana muda wote ule wa ugonjwa, mlangoni kwake sikuwahi kukuta foleni.

Mimi mnanijua. Nina darasa la saba, na hilo nalo nililimaliza kwa kusukumwa. Leo parachichi zangu zinapakiwa kwenye malori, na vijana wenye digrii wanakuja kuniomba kazi. Sijisifu, nasema kilichopo. Lakini nilipoanza nilifyeka migomba ya marehemu baba ili nipande miche ya parachichi, na kwetu kufyeka migomba ya baba ni kama kuezua paa la nyumba yake. Nilichekwa! Mzee mmoja wa kanisa alisimama njiani akapaza sauti: "Mwe, tazameni mwerevu huyu! Watoto wake watakula majani!" Jumapili iliyofuata mzee huyohuyo akatuongoza kuombea vijana wanaojituma. Kaka yangu mkubwa akaniambia nirudishe migomba kabla ukoo haujanikalia kikao. Nikalegea. Asubuhi moja niko shambani na jembe, nimeshang'oa mche wa kwanza, mama huyu akapita na kikapu cha majani ya chai mgongoni.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Naing'oa, mama. Nimeshindwa."

Hakunihubiria. Alitua kikapu, akaingia shambani, akainama kulitazama shimo nililochimba, refu, lenye samadi. Akaenda la pili. Akaenda la tatu. Ndipo akasema, "Mtu anayechimba hivi hajashindwa. Rudisha huo mche kabla mizizi haijakauka." Alisubiri mpaka nikaufukia. "Ndaga fijo, baba," akanishukuru, kana kwamba mimi ndiye niliyempa kitu, akabeba kikapu chake akaenda zake.

Siku hizi tunaambiwa kutia moyo ni kupiga kelele. "Mgeukie jirani yako, mwambie utavuka!" Jirani mwenyewe hujui anavuka nini, wala jina lake hulijui. Unamrushia baraka kama mtu anayerushia kuku mahindi, kisha unatazama saa. Mama yule aliinama kwanza, akatazama, ndipo akafungua kinywa. Maneno yake yalikuwa machache, nami nimejenga nyumba ya bati la rangi juu yake.

Turudi msibani. Salamu zikiendelea, nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunywa, nikamkuta yule binti kati ya masufuria, beseni la vyombo mikononi, amezungukwa na akina mama wenye sare za kanisa.

"Kwani ulisubiri nini kumpeleka hospitali, mdogo wangu?"

"Nilimpeleka, dada. Walimtibu, wakasema nikamtunze nyumbani."

"Haya. Lakini hospitali ya Makandana ni hapo tu. Mimi ningemrudisha."

"Mimi wangu asingefia ndani," akadakia mwingine, huku anaonja mchuzi.

Kutoka mbele, kipaza sauti kikatuletea tena ule ulimi wa asali. Akina mama walewale wakaitikia "Amina!" Binti akainamia beseni lake, nikamsikia akisema peke yake, "Kumbe mimi ndiye nimemuua mama."

Enyi watu wa sare, Bwana Yesu alipofika kwenye msiba wa Bethania hakuuliza mgonjwa alipewa dawa gani wala nani alichelewa. Aliuliza kaburi liko wapi, akalia. Nyinyi mnaimba habari zake kila Jumapili kwa sauti nne, halafu mnamhukumu mfiwa kwenye masufuria, sahani zenu mikononi.

Nikasikia naitwa mbele. Mshereheshaji, kwa kujipendekeza, akaniita "tajiri wetu," maana walitegemea bahasha nono. Nikashika kipaza sauti, nikakohoa, nikaomba kwanza binti wa marehemu aje. Akaja na beseni lake, amesahau hata kulitua.

"Nilikuwa nakuja kumwona mama yenu," nikasema. "Nimekuta shuka zinanuka sabuni. Nimekuta amegeuzwa upande, uji umepozwa, nywele zimesukwa. Mtu aliyelala muda wote ule, mgongo wake haukupata kidonda hata kimoja. Muulizeni muuguzi yeyote hapa hiyo ni kazi gani." Nikamgeukia binti. "Dada, mtu anayetunza hivi hajashindwa. Mama hakufa kwa uzembe wako. Aliishi kwa mikono yako."

Binti akalitua beseni chini, akakaa mkekani pembeni ya jeneza, akalilia mama yake. Alikuwa hajapata nafasi ya kumlilia, maana kutwa alikuwa anajitetea. Na yule mama mwonja mchuzi? Alikuja akakaa karibu naye, asiseme neno. Nampa heshima yake, hapo ndipo alipohubiri vizuri kuliko siku zote.

Kwa hiyo, wasomaji wangu, yawekeni kando hayo maua ya kinywani. Kipaza sauti cha msibani kinasikika hadi ng'ambo ya bonde, lakini ndani ya jeneza hakifiki. Anayekisikia ni yule aliyebaki na beseni. Inama umtazame kwanza, kama ulivyotazamwa wewe, kisha umwambie.