Aliyejisajili Kabla Yangu

Jerikeni zangu zote zina alama ya rangi ya kucha chini ya kitako, mahali ambapo mwizi haangalii. Hapa Karagita tumepanga chumba kimoja kimoja, mlango kwa mlango, na bomba ni la ploti nzima, kwa hivyo kila mtu ana alama yake. Yangu ni nyekundu. Nasema hivi mapema ili ujue unasimuliwa na mtu wa aina gani. Mtu akiniambia "usijali," hapo ndipo ninapoanza kujali. Tabia hiyo nimeirithi kwa mama, ambaye hupanga foleni kwanza, kisha ndipo anauliza ni ya nini.

Tulipoanza kuandika programu ya maziwa tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu ambaye nilikua naye Ndabibi ua kwa ua, na wa tatu tuliyekutana naye chuoni Nakuru. Mkulima akipima maziwa asubuhi, programu inaandika kilo zake na kumtumia ujumbe kwa simu kabla hajafika nyumbani na mkebe mtupu. Kwenye ukurasa wa kwanza tuliweka picha ya ng'ombe wa mama, yule wake wa kwanza kabisa, mwenye sikio lililochanika kwa seng'enge. Msimbo wote, yaani yale maandishi ambayo ndiyo programu yenyewe, tuliuweka kwa huduma moja ya ng'ambo inayohifadhi kazi za watu kama sisi. Akaunti ilifunguliwa na wa tatu, kwa sababu tu ndiye aliyekuwa na bando la intaneti siku hiyo.

Siku moja akaunti ikakataa kutufungulia. Simu ya wa tatu nayo ikawa haipatikani. Baadaye nilienda maonyesho ya kilimo Nakuru, nikapita kwenye hema la kampuni nisiyoijua, na pale kwenye skrini kubwa nikamwona ng'ombe wa mama na sikio lake. Kijana mmoja aliyevaa tai akaniuliza kama nafuga. Nilitaka kulia. Nilichukua kipeperushi chake na kalamu ya bure, nikatoka.

Hatukuanza upya kabisa, kwa sababu mwenzangu alikuwa na nakala ya zamani ya msimbo kwenye laptop yake. Nilimshukuru sana. Kisha, nikiwa nafua, nikajiuliza mbona alikuwa na nakala ambayo hakuwahi kuniambia.

Ndipo nikaamua tuwe na seva yetu wenyewe. Ziko programu za bure za kuhifadhi msimbo. Unakodi mashine kwenye cloud, mashine iliyoko nchi ambayo hutawahi kuiona, unaiweka programu humo, na kuanzia hapo nyumba ni yako. Wewe ndiye unaamua nani aingie na nani abaki nje. Nilimwambia mwenzangu nikitarajia abishe, maana yeye hubisha kwa kila kitu, hata rangi ya kitufe. Alikubali. Alikubali haraka mno, nikaona.

Nilifanya kazi hiyo Jumamosi asubuhi, laptop juu ya meza, mlango wazi ili mwanga uingie. Mashine niliipata, programu nikaiweka, ukurasa wa kwanza ukaniuliza maswali yake mengi nikayajibu. Kulikuwa na sehemu ya kufungua akaunti ya msimamizi, lakini iliandikwa kwamba si lazima, maana mtu wa kwanza kujisajili ndiye atakayekuwa msimamizi. Nikairuka. Nilitaka kwanza kuhakikisha kwamba ukurasa unafunguka nje ya mtandao wangu, kisha nijisajili kwa raha zangu. Nikatuma anwani kwa watu wawili, mama yangu Ndabibi na mwenzangu Nakuru, nikawaandikia maneno yale yale: "Hebu fungua hii uniambie kama inafunguka."

Kabla hawajajibu, mtu akapiga kelele nje: "Maji!"

Asiyekaa Karagita hataelewa. Maji yakija, sufuria inaepuliwa, mtoto ananyang'anywa titi, na hata wale wa zamu ya usiku shambani kwa maua wanaamka na usingizi wao machoni. Nilibeba jerikeni zangu nikakimbia. Nilisimama kwenye foleni muda mrefu, nyuma ya jirani ambaye jerikeni zake huzaana njiani. Majibu niliyapata hapo hapo. Mwenzangu aliandika, "Imefungua. Iko poa." Mama alituma dole gumba, lakini mama hutuma dole gumba kwa kila kitu, hata tangazo la matanga.

Niliporudi na maji nikajifuta mikono, nikajisajili. Ukurasa ukanikaribisha vizuri. Ila ile sehemu ya msimamizi, mahali pa kuongeza watu na kuwafuta, haikuwepo. Nikatoka nikaingia tena. Haikuwepo. Nikafungua orodha ya watumiaji, nikaona tuko wawili, na mimi ndiye wa pili.

Wa kwanza alikuwa amejiita kwa jina la utani la nyanya yangu. Nyanya alipewa jina hilo na majirani kwa sababu ya mwendo wake, na mimi nililirithi pamoja na jina lake halisi. Haliko kwenye kitambulisho wala chuoni halikujulikana. Linajulikana Ndabibi tu, na kwa mvulana mmoja wa ng'ambo ya ua aliyekuwa akiniita hivyo mpaka namtupia magunzi ya mahindi. Mvulana huyo sasa alikuwa Nakuru, na ndiye niliyemtumia anwani.

Niliingia kwenye kumbukumbu za seva kutafuta huyo mtu alitokea wapi. Nikaona ni simu ya kawaida, kwa mtandao ule ule unaotumiwa na karibu kila mtu ninayemjua. Ningeweza kufuta kila kitu na kuanza tena, maana mashine ilikuwa yangu na ufunguo wake ninao. Msimbo wenyewe nilikuwa hata sijauweka. Lakini kufuta kungefuta pia nyayo zake. Nilitaka kumshika, kwa hivyo niliiacha seva ilivyo nikampigia simu.

"Niaje," akasema, "imekubali?"

"Mbona umejiweka admin?"

"Admin wa wapi?"

"Kwa server. Na ukatumia lile jina."

"Jina gani? Mimi nimefungua tu page nikafunga."

"Sasa ni nani? Ni nyanya amefufuka?"

Nilisikia makanga akiita abiria mahali fulani nyuma yake.

"Unanionanga kama yule mwingine," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Haujasema. Basi nakuja. Ngoja hapo."

Nilikaa kitandani nikiwaza. Mwenye hatia angekuja kweli? Nikajijibu kwamba mwenye hatia mjinga asingekuja, lakini mwenye akili angekuja, na mwenzangu ana akili. Nilimkumbuka tulipokuwa darasa moja, alivyokuwa anaficha majibu kwa kiwiko. Nilisahau makusudi kwamba mimi ndiye niliyekuwa nachungulia.

Alifika jua likiwa bado kali. Alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, akakataa chai, jambo ambalo si kawaida yake. Akatoa simu mfukoni, akaifungua, akaiweka mezani mbele yangu.

"Angalia," akasema.

Mtu muungwana angeirudisha. Angesema hapana, nakuamini, keti tunywe chai. Mimi niliichukua. Niliangalia kurasa alizofungua siku hiyo, nikaona anwani yetu mara moja tu, na baada yake bei ya mitamba na matokeo ya mpira. Niliangalia mahali simu huweka nywila. Hapakuwa na kitu. Yeye alikuwa amesimama akiangalia kalenda ukutani, ile ya duka la dawa za mifugo.

Sikuishia hapo. Niliandika jina la wa tatu kwenye jumbe zake. Nilidhani hapo ndipo nitapata. Nilipata ujumbe mmoja mrefu, wa wiki chache baada ya yale maonyesho, mwenzangu akimwambia kwamba heri angeiba pesa, heri angeiba laptop, lakini si kazi ya huyu dada, kwa sababu tangu siku ile haongei na watu vizuri. Ujumbe haukujibiwa. Niliusoma mara mbili. Nilitaka kumwomba msamaha, na hapo hapo nikawaza kwamba jumbe nyingine mtu anaweza kuwa amezifuta.

Simu yangu ndiyo iliyolia. Alikuwa mama. Kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na simu ya mwenzangu, nilibonyeza yangu ikiwa pale mezani, nikaweka loudspeaker.

"Mami, wameshaita majina?" mama akauliza, bila hata salamu.

"Majina gani, mum?"

"Ya ile kitu ulituma asubuhi. Niliona imeandikwa register, nikakuandikisha wewe mbio kabla ijae. Nikaweka lile jina ya nyanya yako, hao watu wasikujue sana. Password ni jina ya ile ng'ombe."

Mwenzangu alikaa chini taratibu kwenye jerikeni.

Niliona aibu, kisha nikaona nilipaswa kujua. Mama yangu hajawahi kuona mahali pa kujiandikisha akapita. Mbolea ya serikali, vyandarua, basari, mashamba yasiyokuwepo, kote ametuandikisha, sisi watoto kwanza na yeye mwisho. Alijifunza hivyo miaka ile walipofukuzwa kwao wakakaa kwenye mahema, ambapo aliyeuliza maswali alikuta orodha ya msaada imefungwa na majina yanayosomwa ni ya watu wengine. Tangu hapo haulizi. Anajaza, anatuma dole gumba, halafu anasubiri majina yaitwe. Alikuwa amenishikia nafasi kwenye seva yangu mwenyewe.

Mwenzangu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka na mabega, mkono mdomoni ili mama asisikie, na mimi nikacheka pia, machozi yakanitoka, na kwa muda kidogo chumba kile kilikuwa kama zamani ng'ambo ya ua.

"Unacheka nini huko?" mama akauliza.

"Si kitu, mum. Umefanya vizuri. Sasa wewe ndiye mkubwa wa hiyo seva."

"Eh, naona. Inaniambia naweza kuongeza watu na kutoa watu." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyengoja mamlaka maisha yake yote. "Sasa huyu kijana wa jirani, si mnafanya kazi na yeye? Nimuongeze?" Kisha akashusha sauti, akidhani niko peke yangu. "Ama tungoje kwanza? Yule mwingine pia alikula chapati zangu. Wewe niambie ukweli. Unamwamini?"

Mwenzangu aliacha kucheka. Hakuniangalia. Alirudi kuangalia kalenda.

Jibu nililijua. Lilikuwa neno moja, na nilikuwa nalo tayari. Lakini kabla halijatoka nilipitia kila kitu tena, ile nakala ya laptop, vile alivyokubali haraka, jumbe ambazo pengine zilifutwa, kama vile mtu anavyogeuza jerikeni kuangalia kitako chake.

"Ndiyo, mum," nikasema. "Muongeze."

Mama hakuona tofauti. Aliuliza jina lake linaandikwaje. Mwenzangu akasogea karibu na simu, akasema, "Ni mimi, mama, habari yako," na mama akapiga kelele ya furaha na aibu, akamuuliza kama amekula. Mwenzangu akamtajia herufi za jina lake moja moja, polepole, kwa heshima, akimngoja mama aitafute kila moja. Wakati wote huo alikuwa amenyoosha mkono kwangu, kiganja juu. Sikuelewa anataka nini, mpaka nilipoangalia chini nikaona simu yake bado nimeishika.