Pua ya Dobi

Dobi alikuwa na pua ya kutisha. Nguo ikifika mezani pake, kabla hajaitia majini aliinusa kola, na papo hapo akajua: hii ya fundi magari, hii mwenyewe kalala nayo, hii imemwagikiwa dawa ya kikohozi. Wateja walimtania kwamba mtu mwenye siri asimpelekee nguo. Bahati mbaya, mwenye siri kubwa kuliko wote alikuwa akiishi naye, na nguo zake akimfulia bure.

Mumewe alikuwa fundi wa vitasa. Mtaani walimwita Funguo, maana mlango uliomshinda ulikuwa bado haujatengenezwa. Miaka sita alikunywa pombe kali kama mtu aliyeajiriwa kuimaliza, na miaka hiyo sita Dobi alijikaza kisabuni. Alimvua viatu. Alimtungia uongo kwa wateja: leo tumbo linamuuma, leo kafiwa. Shangazi mmoja wa Funguo alizikwa mara tatu.

Pombe aliivumilia. Kilichomshinda ni shati la bluu. Binti yao alikuwa amelazwa, kapasuliwa tumbo, na Funguo alipigiwa simu kutwa nzima asipokee. Kesho yake alirudi akiapa kwamba alilewa akalala kwenye kibanda chake cha kazi. Dobi hakubishana naye. Aliinama akainusa kola. Ilinukia sabuni, tena sabuni ambayo yeye hakuwa nayo. Mwanamke mwingine alikuwa amelifua shati lile, akalianika, akalipiga pasi, huku mtoto katundikiwa dripu. Angekuta manukato, labda angepiga kelele mtaa mzima ukajaa. Kukuta limefuliwa vizuri ndiko kulikomkata maini.

Akamfukuza. Funguo alikwenda kukaa kwa kaka yake, na huko, miezi minane, aliachana na chupa kwa kutetemeka na kutapika. Mwanamke wa sabuni naye hakumtaka mtu anayetetemeka. Wifi yake Dobi ndiye aliyetumwa kuomba msamaha, akaja mara mbili akafukuzwa, mara ya tatu akakaribishwa chai. Dobi alitoa masharti. Atalala kwenye sofa. Na kila akirudi atapuliza pumzi zake mlangoni, zinuswe, ndipo aingie. Kisha akamwita seremala akamtilia komeo kwa ndani, kwa sababu kila kitasa cha nyumba ile kilitiwa na Funguo mwenyewe, na komeo halina tundu la ufunguo.

Basi kila siku saa kumi na mbili jioni Funguo alibisha hodi. Komeo lilivutwa, mlango ukafunguliwa upana wa uso.

"Puliza."

Aliinama, akapuliza. Dobi alinusa taratibu, asikose kitu: chai, kitunguu, vumbi la chuma.

"Ingia."

Jirani wa upande wa pili alimwita Dobi askari wa barabarani, na binti yao, ambaye alishakuwa msichana mkubwa, alijifungia chumbani saa hiyo asishuhudie. Funguo hakulalamika hata siku moja, na hilo nalo lilimuudhi Dobi. Lakini liko jambo ambalo hakumwambia hata wifi yake. Ikikaribia saa kumi na mbili alikuwa akivua kilemba chenye harufu ya dawa ya madoa na kunawa uso. Katika kutwa nzima, hapo tu ndipo nyuso zao zilipokaribiana. Alijichukia kwa kunawa, na kesho yake akanawa tena.

Mwezi wa kumi na moja tangu Funguo arudi, Dobi akashikwa na mafua makali. Yalipokwisha, pua haikurudi. Daktari alimwambia huenda ikarudi, huenda isirudi, akamwita mgonjwa mwingine. Dobi hakumwambia mtu. Mteja mmoja alirudisha suti inayonuka mafuta ya taa, naye akaomba radhi akasema alichanganya mabeseni. Hilo lilikuwa na dawa. La mlangoni halikuwa na dawa. Funguo alipuliza, naye akapata joto tu usoni, hewa tupu, akajibu "Ingia" kwa sauti ileile ya kila siku. Kisha alimfuata kwa macho: anavyotembea, anavyoweka mfuko wa zana chini. Siku moja Funguo alijikwaa kwenye zulia, na Dobi hakuweza kula usiku huo.

Jumapili moja maziwa yaliungua jikoni, yeye akipiga pasi hatua mbili tu kutoka hapo, ameyapa mgongo. Funguo aliinuka kwenye sofa, akaepua sufuria, akafungua dirisha, akarudi kukaa. Dobi akadhani siri yake imepona.

Ijumaa ya wiki ya pili baada ya hapo, Funguo alibisha hodi kama kawaida.

"Puliza."

"Leo sipulizi, mama watoto."

Dobi aliushika mlango kwa mikono miwili. "Umekunywa."

"Leo sijanywa. Lakini hata ningekunywa usingejua. Hunusi. Nimejua tangu Jumapili ya maziwa."

Funguo akaendelea, macho yake kwenye mfuko wa zana. Jana alipita kilabuni pale pa zamani, akanywa glasi mbili, akaja moja kwa moja hadi mlangoni hapa bila hata kutafuna karafuu, akampulizia usoni.

"Ukaniambia ingia," alisema. "Nilidhani nitafurahi."

"Kwa hiyo ulinijaribu kama kitasa," Dobi alisema. "Ukaona nafunguka."

"Ndiyo."

Miaka yote ile Funguo hakuwahi kumjibu ndiyo. Kila alichokijua Dobi kuhusu mumewe alikichimbua mwenyewe, kwenye kola, mifukoni, mdomoni. Hakuna hata kimoja alichowahi kupewa. Ndiyo ile ilimuuma kuliko lile shati, na hakujua pa kuiweka. Akafunga mlango, akasukuma komeo. Alimsikia Funguo akisimama nje kitambo, kisha viatu vikaondoka.

Kesho yake alifua tangu asubuhi. Saa kumi na moja na nusu alivua kilemba, akakirudisha kichwani kwa hasira, akakivua tena.

Hodi ikabishwa. Dobi akashika komeo, asilivute.

"Sema," alimwambia kupitia mlango.

Alisikia mfuko wa zana ukiwekwa chini. Kisha: "Sijanywa. Jana nilipotoka hapa nilikwenda mpaka mlangoni pa kilabu kile. Nikarudi."

Kwa mazoea alisogeza pua kwenye upenyo wa mlango, akavuta hewa. Hakupata kitu, wala mbao, wala mtu. Alimchukia kwa Alhamisi ile. Lakini bila Alhamisi ile kutajwa, asingemwamini leo.

"Utaendelea kulala kwenye sofa," alisema, akavuta komeo.